Muk Nyeusi ya Bibi Gapsun

Kwa heshima na taadhima ninautangazia ulimwengu kwamba, mwezi wa kumi mwaka huu, mimi Tak Dallae, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari ya juu, nilipumzishwa kwa muda majukumu yangu ya kitaaluma ili nirejee katika kijiji cha Dolgol, milimani, nikalishughulikie kwa kina na kwa utulivu suala zito la kokwa za mwaloni.

Yaani nilisimamishwa masomo wiki moja.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo kuliko walivyolikuza. Kokwa ya mwaloni huzaliwa imevaa kofia. Ukiibana kofia hiyo katikati ya vidole gumba viwili na kupuliza kwenye mwanya, hutoka mluzi wa kupasua masikio. Mtoto yeyote wa milimani anaujua mchezo huo. Wenzangu bwenini, watoto wa mjini, hawakuujua, nami nikaona ni dhuluma kumnyima mwenzako elimu uliyonayo. Nikawafundisha wote. Tukakubaliana kwamba wakati wa masomo ya kimya, mlezi wa bweni akisinzia tu, tupulize kwa pamoja. Alisinzia. Tukapuliza. Alianguka na kiti chake, na alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda changu, akainama, akavuta gunia la kofia.

Baba yangu ni dereva wa lori. Alisema hana nafasi ya kunigombeza ipasavyo, akanipeleka kwa mama yake, ambaye nafasi anayo na kipaji pia.

Nilimkuta Bibi Gapsun uani, amekaa juu ya kigoda, kokwa zimeanikwa kila mahali hadi mlangoni. Anazipasua kwa nyundo ndogo, moja moja, ganda huku, kiini kule.

"Kijibwa changu kimekuja!" alipaza sauti. Huku kwetu mabibi huwaita wajukuu vijibwa. Ni mapenzi, na hakuna anayeuliza. "Umefukuzwa?"

"Nimesimamishwa, Bibi. Ni tofauti."

"Tofauti ya kokwa mbili kupimana urefu. Kaa hapo, shika nyundo."

Nikainama kumsalimu, nikakaa, nikashika nyundo. Mwaka huu mialoni ilikuwa imezaa kupita kiasi. Wazee husema mwaloni husimama mlimani ukayachungulia mashamba: ukiona mpunga umestawi, hujizuia, ukiona mpunga umekufa, hujimwaga. Mvua ilikuwa imeulaza mpunga wa bonde zima, kwa hiyo mwaloni ulituhurumia. Bibi naye aliokota zilizoanguka chini tu, na chini ya kila mti aliacha fungu la makindi.

"Mlima ni wao. Hiyo ndiyo kodi yangu ya nyumba," alisema.

Jirani yetu, Babu Pyo, alichungulia juu ya ukuta. Ni mjane mwenye adabu nyingi kupita kiasi, na hajakosa mlo wetu hata mmoja tangu nipate akili.

"Lo! Dallae! Kokwa ndani ya bakuli la mbwa!" alisema. Ndivyo tunavyomwita mtu aliyetengwa na wenzake, maana hata mbwa mwenye njaa husukuma kokwa pembeni kwa pua.

"Afadhali mimi, Babu. Wewe hujawahi kusukumwa pembeni ya bakuli."

"Mama Myeongju, unamsikia mjukuu wako?"

"Namsikia," alisema Bibi. "Na anasema kweli. Ingia, chai ipo."

Simu ya Bibi ililia wakati huo huo. Yeye huiweka kwenye sauti ya juu na kuishika mbali na uso, kama anayeogopa itamuuma. Alikuwa Shangazi Myeongju, dada yake baba, anayeishi mjini Ansan kwenye ghorofa ya kumi na saba.

"Mama, nakuja Jumamosi."

"Njoo. Nani kakuzuia?"

"Utapika muk, nami nitaionja mwenyewe. Ikiwa kama ile ya sikukuu, Mama, unafunga mizigo. Chumba chako huku kwangu kimeshapakwa rangi."

Nilikuwa na habari za ile ya sikukuu. Familia nzima ilikuwa nazo. Muk ni chakula cha kokwa: unga wake huchujwa, hupikwa kwa maji hadi ukawa mzito, humiminwa kwenye sinia na kupoa mpaka ukaganda na kutetemeka ukiugusa. Muk ya Bibi ilisifika bonde zima. Lakini sikukuu ya mavuno iliyopita alipeleka sinia zima kwa wakwe wa Shangazi, na mama mkwe alipotia kipande kinywani aliweka vijiti chini akaomba maji. Ilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Bibi peke yake aliila mpaka mwisho, huku akitabasamu. Tangu siku hiyo Shangazi alianza kuwa na mashaka.

"Kokwa zile zilikuwa mbaya," alisema Bibi kwenye simu. "Mvua."

"Sawa. Na Jumamosi tutaona kama ni mvua."

"Ghorofa ya kumi na saba mialoni inaota?"

"Mama, usinifanyie mzaha. Una miaka themanini na unaishi peke yako mlimani."

"Na ikiwa tamu?"

"Ikiwa tamu sitalitaja tena jambo hili."

"Dallae, umesikia? Wewe ni shahidi." Akakata simu, akaiweka juu ya rundo la maganda, akaendelea kugonga kokwa. Lakini nyundo ilikosa mara mbili, na Bibi yangu hakosi.

Kesho yake nilirudia tabia yangu. Sikuwa na nia mbaya. Ni mikono tu ilikosa kazi. Bibi hupenda kahawa ya pakiti, ile yenye maziwa na sukari tayari. Nikamtengenezea kikombe, nikatia kijiko kizima cha chumvi, nikamletea kwa mikono miwili na kuinama kama mjukuu mwema wa kwenye matangazo ya televisheni. Kisha nikajisogeza karibu na mlango, tayari kukimbia.

Bibi alikunywa. Akanywa tena. Mimi namsubiri ateme, anitupie kandambili, anifukuze kuzunguka uani. Badala yake aliniangalia usoni, macho yake yananisoma kama anayetafuta jibu la mtihani kwenye karatasi ya mwenzake.

"Kahawa yako tamu, kijibwa changu," alisema mwishowe. "Asante."

Akaimaliza yote.

Nimefanya utani mwingi maishani, na huu ndio wa kwanza kunirudi mwenyewe. Nilikwenda nyuma ya banda la ng'ombe, ambalo siku hizi halina ng'ombe, nikakaa chini. Bibi yangu hakusikia chumvi. Alikuwa anakisia, na alikuwa anakisia kwa kusoma nyuso zetu.

Siku ile ile kokwa zilirudi kutoka mashineni zimesagwa. Bibi alizitia kwenye mfuko wa kitambaa, akazikamua ndani ya pipa la udongo lililo chini ya upenu wa nyuma, maji meupe yakatoka, wanga ukazama chini. Baada ya hapo ni subira tu: maji ya juu hugeuka kahawia kama chai ya rangi, unayamwaga, unatia mapya, unasubiri, unayamwaga tena. Uchungu na ukakasi wa mwaloni huondoka polepole pamoja na maji hayo. Hakuna saa wala kipimo. Kipimo ni ulimi. Unachovya kidole, unaonja, na ulimi ukisema bado, ni bado.

Bibi aliyabadilisha maji mara chache tu. Kisha alichovya kidole, akalamba, akaitikia kwa kichwa kwa utaalamu mkubwa, akaita juu ya ukuta.

"Babu Pyo! Hebu njoo uonje, usije ukasema nimekutenga."

Babu Pyo alikuja amejifuta mikono. Akachovya, akalamba. Nilimtazama kwa makini. Shingo ilikaza, sikio moja likacheza, machozi yakamlengalenga, lakini tabasamu halikutoka mahali pake hata kidogo.

"Tamu, Mama Myeongju," alisema kwa sauti iliyobanwa. "Tamu kabisa."

"Unaona?" alisema Bibi, na mabega yake yakashuka. "Tayari. Yakae hivi hivi mpaka Jumamosi asubuhi, kisha tupike."

Babu Pyo aliaga kwa adabu, akazunguka ukuta. Nilichungulia. Alikuwa ameinama juu ya majani ya figili anatema, anatema tena, na mbwa wake amesimama pembeni anamtazama kwa masikitiko.

Nikarudi, nikachovya kidole changu. Ulimi ulijikunja. Meno yakawa kama yamefunikwa na manyoya. Hapo nikaelewa kila kitu: Bibi alikuwa amepoteza ladha, alilijua hilo, na alikuwa ameuazima ulimi wa mtu pekee katika bonde hili asiyeweza kumwambia mwanamke kwamba chakula chake ni kibaya.

"Bibi, labda tubadilishe maji tena kidogo tu?"

"Babu Pyo kasema tayari. Wewe ulimi wako umeharibiwa na chakula cha shule." Aliufunika mdomo wa pipa kwa kitambaa. "Usiliguse."

Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini ungemwona alivyokifunga kile kitambaa, anakivuta kila upande kikae sawa, kama anayemfunika mtoto. Alizaliwa mlima ule wa pili, akaolewa mlima huu. Babu yangu amezikwa pale juu, penye mialoni, na kila asubuhi Bibi hutoka mlangoni, hutazama juu na kumwambia hali ya hewa kana kwamba yeye hawezi kuiona. Ghorofa ya kumi na saba angemwambia nani?

Basi niliamua kuliokoa taifa kimyakimya.

Mchana Bibi huenda kwenye jumba la wazee kucheza karata, na humo hutoki mpaka mtu alie. Tatizo lilikuwa maji. Bomba letu liko mbele, barabarani kabisa, na Babu Pyo hukaa ukutani kwake kama mlinzi. Ningebeba ndoo mbele yake angeniuliza, kwa adabu, mpaka jioni. Lakini nyuma ya banda la ng'ombe kuna pampu kuukuu ya mkono, ya chuma, haijatumika tangu enzi za Babu. Nilipampu mpaka ikakohoa, ikalia, ikatema maji. Yalikuwa mekundu kidogo. Nikasema moyoni, maji ni maji.

Nikamwaga yale ya kahawia, nikatia ya pampu, nikauvuruga wanga kwa mikono miwili, nikafunika, nikaenda zangu nikiimba.

Niliporudi kabla ya giza, nikafunua. Yalikuwa meusi kama wino.

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Kokwa na chuma hazikai chombo kimoja. Zikikutana hutoa weusi, na zamani watu walitia nguo rangi kwa njia hiyo hiyo. Mwalimu wetu wa kemia alilifundisha somo hilo hatua kwa hatua, na nakumbuka vizuri kwamba siku hiyo mimi nilikuwa nyuma ya darasa nachonga kofia za kokwa. Kutu ya pampu ilikuwa imefanya kazi yake. Wanga uliokuwa wa rangi ya maziwa ya chai sasa ulikuwa wa rangi ya barabara.

Sikukata tamaa. Niliendelea kubadilisha maji kila Bibi alipotoka, safari hii nikiyaiba bombani kwa birika, kidogo kidogo, namwambia Babu Pyo nina kiu.

"Mtoto huyu anakunywa kama ng'ombe," nilimsikia akimwambia mbwa wake.

Kila mara nilionja, na kila mara ulimi wangu ulijikunja kidogo kuliko jana, mpaka Ijumaa nilipolamba kidole na hakuna kilichotokea. Maji tu. Nilikaribia kulia. Uchungu ulikuwa umekwisha. Weusi ulikuwa umebaki.

Mikono yangu nayo ilibaki nao. Nilisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa majivu. Kucha zilikataa kabisa. Nikavaa glavu za Bibi za kuoshea vyombo, za mpira, rangi ya waridi, nikasema nina ubaridi.

"Ubaridi wa mikono tu?" aliuliza Bibi.

"Unaanzia mikononi, Bibi."

Jumamosi Shangazi aliingia na koti lake refu na funguo za gari mkononi, akaacha viatu mlangoni, akaanza ukaguzi kabla ya salamu: akafungua friji, akanusa kitambaa cha meza, akasoma tarehe kwenye chupa ya mchuzi wa soya.

"Na wewe, glavu za nini?"

"Usafi, Shangazi."

Bibi alitoka nyuma ya nyumba kulifungua pipa. Nilimfuata. Alimwaga maji ya juu, akautazama wanga uliokaa chini, mweusi tii. Aligeuka akanitazama mimi. Akazitazama glavu. Kisha akauchota wanga kwa bakuli, akaubeba mpaka jikoni kama malkia anayebeba taji lake mwenyewe, akaumimina kwenye sufuria, akatia maji, akaanza kukoroga upande mmoja bila kupumzika.

"Mama," Shangazi alisogea, "hii nini?"

"Muk."

"Mbona nyeusi?"

"Kokwa za upande wa kaskazini. Mwaka wa mvua huwa hivi."

"Sijawahi kusikia."

"Ndiyo maana nakwambia. Umekaa mjini mno."

Babu Pyo, aliyekuwa ameshajipatia nafasi karibu na meza, alikohoa. "Hata wafalme waliila hii. Mmoja alikuwa mgonjwa sana, akapona."

"Mfalme gani?"

"Wa zamani."

Nilimtazama Bibi yangu akikoroga, uso mkavu kama wa hakimu, na kwa mara ya kwanza nikajua kipaji changu nimekirithi wapi. Si kwa baba.

Muk ikapikwa, ikatoa mapovu mazito, ikatiwa chumvi, ikamiminwa kwenye sinia, ikawekwa dirishani ipoe. Kungoja muk igande ukiwa na Shangazi chumbani ni adhabu ambayo shule yangu bado haijaigundua. Hatimaye Bibi akaikata vipande, akaimwagia mchuzi wa soya wenye pilipili, ufuta na vitunguu vya majani. Ilikuwa inatetemeka kwenye sahani, nyeusi, inang'aa. Shangazi akachukua kipande kwa vijiti, akakiangalia dhidi ya mwanga, akafumba macho, akala.

Akatafuna. Bibi alikuwa anamsoma uso, hakupepesa.

"Si chungu," alisema Shangazi polepole. Akachukua kingine. Akachukua cha tatu. Sauti ikamlainika. "Mama, hii ndiyo ile ile. Ndiyo uliyokuwa unanifungia nikienda shule."

Babu Pyo alikuwa ameshajiandaa, shingo imekazwa, tabasamu limefungwa vizuri. Akatia kipande kinywani, na macho yakamtoka.

"Tamu!" alipiga kelele. "Jamani, ni tamu kweli!"

"Kwani ulidhani itakuwaje?" aliuliza Bibi.

Babu Pyo akajaza kinywa haraka ili asijibu.

Shangazi aliweka vijiti chini. "Nilikosea, Mama. Ahadi ni ahadi. Sitalitaja tena." Akajifuta jicho moja akijifanya anatengeneza nywele. "Nimeleta matunda, mapeazi. Yamo ndani ya gari kule chini bondeni, nilisahau. Babu Pyo, njoo unisaidie kubeba."

Wakatoka. Bibi akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia yeye, basi, maana washindi wa kweli hawashangilii. Akawasha jiko la gesi, akabandika supu ya majani ya figili, akakaa sakafuni kando ya jiko kukata vitunguu, huku akiimba wimbo wake wa kukoroga. Mimi nikabeba vyombo nje kuviosha.

Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni. Ile harufu ya yai bovu. Unaijua kabla hujaijua. Supu ilikuwa imefurika, imemwagika, imeuzima moto, na gesi ilikuwa inatoka tu, shhh, kwa utulivu. Na Bibi alikuwa amekaa katikati yake, anakata vitunguu, anaimba. Aliinua macho kwenye sufuria.

"Ala, moto umezimika," alisema, akanyoosha mkono kwenye swichi ya kuwashia.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nilimshika mkono, nakumbuka glavu ziliteleza kwenye kitasa cha gesi, nikazivua zote mbili kwa meno, nikafunga, nikafungua dirisha, nikamwinua Bibi mzima mzima na vitunguu vyake nikamtoa mpaka kwenye kizingiti cha nje. Tukakaa pale, yeye na soksi zake, mimi nahema.

"Kuna nini?" aliuliza Bibi. "Kijibwa, una nini?"

"Gesi, Bibi."

Akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena. Nikaona uso wake ukitafuta, ukitafuta, usipate kitu.

Shangazi akatokea na boksi la mapeazi, Babu Pyo nyuma yake na boksi la pili. Akasimama. Akatutazama tulivyokaa, dirisha wazi, kisha macho yake yakashuka kwenye mikono yangu, iliyokuwa imeushika mkono wa Bibi. Kucha kumi, zote nyeusi, na weusi umepanda mpaka kwenye viganja.

"Dallae. Mikono yako imefanya nini?"

"Masizi," alisema Bibi papo hapo. "Nilimwambia asafishe jiko la kuni."

Alijibu bila hata kupepesa, kwa ajili yangu, na labda kwa ajili yake pia. Nilichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa. Nimeitikia kwa kichwa uongo mkubwa kuliko huo, tena mbele ya bodi ya nidhamu. Shangazi alikuwa ameshatoa neno lake. Bibi angebaki.

Lakini mkono wa Bibi ulikuwa ndani ya mkono wangu, una harufu ya vitunguu, na ndio ule uliokuwa unakwenda kwenye swichi.

"Si masizi, Shangazi," nilisema. "Ni kokwa na kutu. Bibi hakuipika muk peke yake. Maji nilibadilisha mimi kwa siri, na nilionja mimi, na pampu mbovu niliitumia mimi. Bibi hasikii ladha. Wala harufu. Sasa hivi jikoni kulijaa gesi naye alikuwa anaimba."

Peazi moja lilidondoka kutoka kwenye boksi la Babu Pyo, likabingirika uani katikati ya maganda.

"Kijibwa kimeuma," alisema Bibi kwa sauti ndogo. Lakini mkono hakuutoa.

Shangazi aliweka boksi chini. Akakaa upande wa pili wa Bibi, na koti lake zuri, juu ya kizingiti chenye vumbi. "Tangu lini, Mama?"

"Tangu ile homa ya majira ya baridi." Bibi alikuwa anaangalia mlimani. "Nilidhani itarudi. Ladha. Nilikuwa naamka kila siku naonja chumvi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenichukua."

Shangazi akainuka, akaingia jikoni, tukamsikia akikaza mtungi wa gesi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Jiko hili linatoka leo," alisema aliporudi. "Leo hii naenda kununua la umeme. Hilo kwanza. Mengine tutayazungumza tukishakula, na wewe, Mama, utakuwepo kwenye mazungumzo, si kwenye boksi la mizigo." Akageuka. "Babu Pyo, na wewe ulionja?"

"Mimi?" Babu Pyo alikuwa mwekundu kama pilipili. "Mimi, Myeongju, mwanangu, mimi ni mgeni tu hapa."

"Kwa miaka ishirini?"

Bibi akacheka. Alianza kwa pua, akajizuia, ikamshinda, akacheka mpaka akaniegemea. Shangazi hakucheka. Alinigeukia mimi, na nikajua kwamba zamu yangu imefika.

"Na wewe. Ungetuambia siku ya kwanza, tungelifunga jiko siku ya kwanza. Uliona ni mchezo?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi ulifanya kwa nini? Nitazame usoni."

Nilitafuta sababu nzuri. Ninazo nyingi, huwa nazihifadhi. Nikafikiria kusema heshima ya ukoo, urithi wa mababu, maslahi ya makindi. Lakini Shangazi alikuwa ananitazama kwa macho ya Bibi, yale yale ya kusoma nyuso, na haya hayakuwa yanakisia.

"Bibi akihamia Ansan," nilisema, "mimi nikisimamishwa masomo nitapelekwa wapi? Hapa naitwa kijibwa. Kwingine kote naitwa ofisini."

Shangazi alikunja mikono. "Kwa hiyo una mpango wa kusimamishwa tena?"

Nikaziangalia kucha zangu. Hazikuwa na msaada wowote.

"Ndiyo, Shangazi," nilisema. "Mwezi ujao. Kila kitu kiko tayari."